Ujumbe Bila Kitovu: Ulinganisho wa Itifaki za Kupashana Habari Papo kwa Papo kwa Kurejelea Bandari ya Kipevu

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha njia tatu za kuunda itifaki za kupashana habari papo kwa papo pasi na kutegemea kituo kimoja kikuu. Njia hizo ni zamu za kujipangia, shirikisho la seva na uvumi baina ya wenza. Mfano wa msingi umetolewa katika mawasiliano ya meli zinazoingia Kipevu, Mombasa. Hoja kuu ni kwamba kuondoa kitovu hakuondoi kazi za kitovu. Kazi hizo hugawiwa wengine, na kila mgao una gharama yake. Aidha, makala yanaonyesha kuwa istilahi ya ‘ugatuzi’ haitoshi kuibeba miundo yote hii, na yanapendekeza namna ya kuitofautisha.

1.0 Utangulizi

Kipevu ni eneo la bandari lililo upande wa bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, katika Changamwe. Hapo ndipo meli za mafuta hushusha shehena inayotumiwa nchini Kenya na kusafirishwa hadi nchi jirani. Gati la kwanza la mafuta lilijengwa mwaka 1963, na gati jipya lililojengwa majini, lenye nafasi za meli nne, lilizinduliwa Agosti 2022. Katika eneo hilohilo kipo kituo cha pili cha makasha, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2016. Meli yoyote iendayo Kipevu haina budi kupita katika mlango wa Kilindini, na mlango huohuo ndio unaovukwa mchana na usiku na feri za Likoni. Njia ya meli na njia ya feri hukatana. Kwa hiyo, chombo kimoja kutojua kingine kiko wapi ni jambo linaloweza kugharimu maisha ya watu wengi kwa dakika chache.

Tarehe 25 Februari 2012, meli moja iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa. Nanga hiyo ikaukata waya wa TEAMS, waya wa mawasiliano wa chini ya bahari uliofikishwa Mombasa mwaka 2009. Siku chache kabla ya hapo, nyaya nyingine, ukiwemo ule wa EASSy, zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Intaneti ikazorota nchini Kenya na katika nchi za jirani. Hebu tuzingatie hali ya mtu aliye Changamwe anayetaka kumwandikia nduguye aliye Likoni. Baina yao ni mwendo mfupi na mkono wa maji. Hata hivyo, ikiwa seva inayopokea na kupeleka ujumbe wao iko Ulaya au Marekani, maneno yao hayana budi kuvuka bahari kwenda na kurudi, na waya ukikatika wote wawili huwa kama mabubu. Wakati huohuo, chombo cha kujitambulisha kilichomo ndani ya meli hakihitaji waya huo hata kidogo. Meli zilizo Kilindini huarifiana zilipo kwa mawimbi ya redio, moja kwa moja, bila ya kupitia kwa mtu wa tatu.

Tofauti hiyo ndiyo inayozaa swali la makala haya. Je, ni kwa namna gani wengi wanaweza kuzungumza papo kwa papo bila ya kuwa na mkuu wa kuwapangia? Na je, wakishamwondoa mkuu huyo, kazi alizokuwa akizifanya huenda wapi?

2.0 Kitovu na Kazi Zake

Neno ‘itifaki’ tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya msingi ni mapatano. Katika taaluma ya tarakilishi, itifaki ni mapatano kuhusu namna ujumbe unavyoandikwa, unavyopelekwa na unavyojibiwa. Ni vyema msomaji aishike maana hiyo ya asili, kwa kuwa mfumo usio na kitovu hauna kingine cha kuushikilia ila mapatano.

Mwaka 1964 mhandisi Paul Baran wa shirika la RAND nchini Marekani alichapisha uchambuzi wa mitandao ya mawasiliano akauambatanisha na michoro mitatu ambayo hadi leo hutumiwa darasani. Katika mchoro wa kwanza, nukta zote zimefungwa kwenye nukta moja ya katikati. Katika wa pili, kuna vitovu kadhaa vidogo vilivyounganishwa, na kila kitovu kina nukta zake. Katika wa tatu hakuna kitovu chochote: kila nukta imefungwa kwa majirani zake kama fundo la wavu wa kuvulia samaki. Baran alionyesha kuwa mtandao wa kwanza huangamia kwa pigo moja, ilhali wa tatu huendelea kufanya kazi hata ukipoteza mafundo mengi.

Katika Kiswahili cha sasa, hususan nchini Kenya, michoro ya pili na ya tatu huelekea kuitwa kwa jina moja, ‘ugatuzi’. Neno hili lilienea sana baada ya Katiba ya mwaka 2010 na kuundwa kwa serikali 47 za kaunti mwaka 2013. Lakini kugatua ni tendo la mwenye mamlaka: huwa nayo kwanza, kisha akatoa sehemu yake kwa walio chini. Dhana ya kitovu imo ndani ya kitenzi chenyewe. Mchoro wa tatu wa Baran haukugatuliwa na yeyote, kwa maana haukuwahi kuwa na kitovu cha kugatua. Tukiuita ugatuzi, tunampa mwanafunzi picha iliyo kinyume cha jambo lenyewe. Katika makala haya, mchoro wa kwanza tutauita mkusanyo, wa pili shirikisho, na wa tatu mtawanyo.

Ili ulinganisho uwe wa haki, hatuna budi kwanza kujua kitovu hufanya nini. Tutazame huduma ya mkusanyo inayofahamika na wengi, WhatsApp. Seva za kampuni hufanya kazi nne. Kwanza, hutambulisha: huthibitisha kwamba namba hii ya simu ni ya mteja huyu. Pili, hupanga: hupokea ujumbe wa wengi na kuufikisha bila ya mmoja kumziba mwenzake. Tatu, huhifadhi: mlengwa akiwa amezima simu, ujumbe hukaa kwenye seva hadi atakaporudi. Nne, huamua: asiyefuata masharti hufungiwa, na penye mgongano neno la seva ndilo la mwisho. Kazi hizi nne zikifanywa mahali pamoja, mtumiaji huona wepesi mkubwa. Gharama yake ilidhihirika tarehe 4 Oktoba 2021, pale kosa moja la kiufundi lililotokea wakati wa matengenezo lilipozima Facebook, Instagram na WhatsApp ulimwenguni kote kwa muda wa saa sita hivi. Hakuna waya uliokatwa siku hiyo. Kitovu chenyewe ndicho kilichotoweka.

3.0 Zamu za Kujipangia: Meli za Kipevu

Mfumo wa kujitambulisha kwa meli, unaojulikana ulimwenguni kwa herufi AIS, ulifanywa kuwa sharti na Shirika la Kimataifa la Bahari. Kufikia mwisho wa mwaka 2004, kila meli ya safari za kimataifa yenye ukubwa wa tani 300 na zaidi ilipaswa kuwa nao. Chombo hiki hutangaza kwa redio namba ya meli, mahali ilipo, mwendo wake na uelekeo wake. Meli iliyo mwendoni hutangaza kila baada ya sekunde 2 hadi 10, kulingana na kasi na jinsi inavyogeuka. Iliyotia nanga hutangaza kila baada ya dakika 3. Aidha, mfumo huu unaweza kupeleka ujumbe mfupi wa maandishi kuhusu usalama. Alfabeti yake ina alama 64 tu, na herufi zake ni kubwa pekee. Kiswahili huingia humo bila ya taabu, hata ‘ng’’ yetu, kwa kuwa alama yake imo.

Tatizo la msingi ni hili: masafa ni mamoja na wasemaji ni wengi. Wawili wakisema kwa pamoja, hakuna anayesikika. Katika baraza, mwenyekiti ndiye hutoa nafasi ya kusema. Baharini hakuna mwenyekiti. Ufumbuzi uliopatikana ni kuigawa kila dakika katika vipande 2250 katika kila moja ya njia mbili za redio, yaani vipande 4500 kwa jumla. Kila kipande ni cha muda wa takriban milisekunde 27, na kinatosha tangazo moja. Meli inapowasha chombo chake, kwanza husikiliza kwa dakika nzima na kuchora ramani ya vipande vilivyokwisha kushikwa. Kisha huchagua vilivyo wazi. Katika kila tangazo, pamoja na habari zake, hutaja kipande itakachokitumia na kwa dakika ngapi zaidi itakishikilia, baina ya 3 na 8. Muda huo ukiisha, huchagua kingine. Wasikilizaji wote huiheshimu ahadi hiyo. Kwa njia hii, msemaji hutoa habari na kuomba zamu kwa pumzi moja.

Hebu tuone hutokea nini baraza linapojaa. Katika mfumo wa mkusanyo, seva iliyolemewa huwakosesha huduma wote kwa pamoja. Katika mfumo wa zamu za kujipangia, meli iliyokosa kipande kilicho wazi hukichukua kile kinachotumiwa na meli iliyo mbali kabisa. Wasikilizaji wa karibu humsikia jirani yao, na aliye mbali ndiye anayepotea. Umbali wa kusikilizana, ambao kwa kawaida ni maili 20 za bahari au zaidi kidogo kutegemea urefu wa antena, hupungua, lakini haupungui upande wa hatari. Kwa nahodha anayepinda kuingia Kilindini huku feri ikitoka Likoni, aliye karibu ndiye mwenye maana.

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii haipingani na mfumo tunaoueleza, kwa kuwa yenyewe yahusu chombo kimoja chenye manahodha wengi. Bandari ni vyombo vingi, kila kimoja na nahodha wake. Kinachotakiwa hapo ni kujuana. Ikumbukwe pia kwamba kutawanya ujumbe si kutawanya mamlaka. Rubani wa bandari bado hupanda melini na kuiongoza, na wasimamizi wa bandari bado huamua nani aingie kwanza. Kituo cha nchi kavu nacho husikiliza mawimbi yaleyale. Mazungumzo ndiyo yasiyo na kitovu. Uamuzi wa kuingia unacho.

Je, zile kazi nne zimekwenda wapi? Kupanga kumegawiwa meli zote. Kuhifadhi kumeachwa kabisa, kwa maana habari ya mahali meli ilipokuwa saa moja iliyopita haimzuii mtu kugongana nayo sasa. Kutambulisha, hata hivyo, kumebaki na kitovu. Namba ya meli ina tarakimu tisa, na tatu za mwanzo huonyesha nchi: 634 ni Kenya, 674 na 677 ni Tanzania. Namba za nchi hugawiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lililo Geneva, na kila nchi hugawia meli zake. Saa ya kupimia vipande nayo kwa kawaida huchukuliwa kutoka kwa setilaiti. Kwa hiyo, mfumo tunaousifu kwa kutokuwa na kitovu unasimama juu ya vitovu viwili visivyoonekana.

Kazi ya nne, kuamua nani wa kuaminiwa, haikugawiwa mtu. Tangazo la AIS halina sahihi ya kuthibitisha kuwa limetoka kwa meli iliyotajwa, wala halikufumbwa. Anayeweza kutangaza anaweza kusema uongo, na anayeweza kusikiliza anaweza kuwa adui. Jambo hili halikuwa nadharia tu kwa meli za Mombasa. Mnamo tarehe 25 Septemba 2008, meli MV Faina, iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33, ilitekwa na maharamia karibu na Somalia, ikaachiliwa Februari 2009. Kanuni za kimataifa humruhusu nahodha kuzima chombo chake akiona kwamba kutangaza kunahatarisha usalama wa meli. Akizima, hujificha kwa adui, na papo hapo hujificha kwa meli nyingine zinazopita. Uwazi hauwezi kuwa kwa rafiki peke yake.

4.0 Shirikisho la Seva

Njia ya pili haiondoi vitovu, huviongeza. Kila taasisi huwa na seva yake, na seva hizo huongea kwa itifaki moja. Msomaji anaifahamu tayari kwa mfano wa barua pepe, ambapo anwani ina jina la mtu na jina la seva yake. Katika upashanaji wa papo kwa papo, zipo itifaki tatu zinazofaa kutazamwa kwa mfuatano, kwa kuwa kila moja ilijaribu kutibu udhaifu wa iliyotangulia.

Ya kwanza ni IRC, iliyoundwa mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland. Seva zake huungana kama matawi ya mti, na kila ujumbe hupanda na kushuka matawini. Muundo huo ni mwepesi, lakini tawi likikatika, baraza hugawanyika mara mbili. Kila upande huendelea kuzungumza ukidhani wa pili wameondoka. Tena, IRC haihifadhi: aliyekuwa hayupo hakuusikia ujumbe, na hatausikia.

Ya pili ni XMPP, iliyotokana na kazi ya Jeremie Miller ya mwaka 1998 chini ya jina la Jabber, na kusanifishwa mwaka 2004. Hapa seva ya mtumaji huifuata seva ya mpokeaji moja kwa moja, bila ya kupanda mti, na seva ya mpokeaji inaweza kumhifadhia mwenyewe ujumbe. Udhaifu wake haukuwa wa kiufundi tu. Mwaka 2006 Google iliruhusu huduma yake ya Google Talk kushirikiana na seva za wengine, na mtu mwenye seva ndogo chuoni aliweza kuongea na wateja wa kampuni hiyo. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza huduma mpya ya Hangouts, ambayo haikuendeleza ushirikiano huo. Funzo ni kwamba katika shirikisho, mwanachama aliyenenepa kupita wengine anaweza kuufunga mlango wake, na wadogo ndio wanaobaki nje.

Ya tatu ni Matrix, iliyoanza mwaka 2014. Katika itifaki hii, mazungumzo si mali ya seva yoyote. Kila seva yenye mshiriki katika kikundi hubeba nakala ya mazungumzo yote ya kikundi hicho, na kila ujumbe hutaja ujumbe uliotangulia, hivi kwamba mfuatano unaweza kuundwa upya hata baada ya njia kukatika na kuungwa. Serikali ya Ufaransa iliijenga huduma yake ya watumishi wa umma, Tchap, juu ya itifaki hii na kuizindua mwaka 2019. Gharama yake ni uzito: seva ndogo inayojiunga na kikundi kikubwa hujitwika nakala na hesabu nyingi.

Hata hivyo, shirikisho haliwezi kuwa la karibu ikiwa barabara baina ya seva ni ya mbali. Historia ya Kenya yatosha kuwa ushahidi. Kabla ya kuwepo kwa kituo cha kubadilishana data cha KIXP, watoaji wawili wa huduma za intaneti jijini Nairobi walipeleka data baina yao kwa njia ya setilaiti hadi ng’ambo, kisha ikarudi. KIXP ilifunguliwa Novemba 2000, ikafungwa kwa amri ya msimamizi wa mawasiliano majuma machache baadaye kufuatia malalamiko ya shirika lililokuwa na ukiritimba, na ikafunguliwa tena Februari 2002. Baadaye kituo kingine kikawekwa Mombasa. Seva iliyo Changamwe na nyingine iliyo Likoni zikikutana Mombasa, waya wa baharini unaweza kukatika nazo zikaendelea kuongea.

5.0 Uvumi Baina ya Wenza

Njia ya tatu huondoa seva kabisa. Kila simu au tarakilishi ni mwenza wa nyingine, na ujumbe hupita kwa yeyote aliye karibu hadi umfikie mlengwa. Wataalamu huuita utaratibu huu uvumi, na jina hilo linafaa: habari huenea sokoni bila ya kuwa na ofisi ya kuieneza.

Mfano mmoja ni Secure Scuttlebutt, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Dominic Tarr wa New Zealand, ambaye aliishi katika mashua na kupata intaneti kwa vipindi. Jina lenyewe ni la kibaharia: lilikuwa pipa la maji ya kunywa melini, ambapo mabaharia walikutana na kupeana habari. Katika itifaki hii kila mtu ana daftari lake, na kila ukurasa umetiwa sahihi ya kihesabu na kufungwa kwa ukurasa uliotangulia. Marafiki wakikutana, hunakiliana madaftari yao wenyewe na ya marafiki wao. Hakuna awezaye kughushi ukurasa wa mwenziwe. Lakini pia ni vigumu kwa mwenye daftari kuufuta ukurasa wake mwenyewe, kwa kuwa nakala zimekwisha kusambaa.

Mfano mwingine ni Briar, iliyotolewa rasmi kwa umma mwaka 2018, ambayo hupeleka ujumbe uliofumbwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth au Wi-Fi pale ambapo intaneti haipo. Haja ya zana za aina hii si ya kubuni. Nchini Uganda, intaneti ilizimwa tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, ikarudishwa tarehe 18. Nchini Kongo, ilizimwa mwisho wa Desemba 2018 kwa takriban siku 20. Katika hali kama hizo, si mkusanyo wala shirikisho linalofaa, kwa kuwa yote mawili hupita katika njia ambazo serikali inaweza kuziamuru zifungwe.

Pamoja na hayo, wenza nao wana mipaka. Mawimbi ya Bluetooth hufika makumi ya mita tu. Ujumbe wa kuvuka kutoka Changamwe hadi Likoni hautafika kwa njia hiyo ila kuwe na msururu wa watu wenye programu hiyohiyo, au msafiri mmoja aubebe mfukoni ndani ya feri. Huo nao ni mfumo halali wa mawasiliano, lakini neno ‘papo kwa papo’ haliwezi tena kutumiwa kwa unyoofu. Isitoshe, kitambulisho cha mwenza ni ufunguo wa siri uliomo katika simu yake. Akiipoteza simu, hakuna ofisi ya kumrudishia jina lake.

6.0 Ulinganisho

Tofauti za njia hizi hudhihirika zaidi njia inapokatika. Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa hoja, ambayo Seth Gilbert na Nancy Lynch waliithibitisha mwaka 2002, kwamba mtandao ukigawanyika mara mbili hauwezi kuwa na mambo mawili kwa pamoja: kuendelea kumjibu kila mtu, na kuhakikisha kuwa wote wanapewa jibu moja. Lazima jambo moja liachwe.

Tuchukulie kwamba wafanyakazi wa gati wana kikundi cha mazungumzo, nusu yao wako Kipevu na nusu kisiwani, na njia baina ya pande hizo imekatika kwa saa mbili. Katika saa hizo, walio Kipevu wamemfukuza mwanachama mmoja, na walio kisiwani wamemchagua mtu yuleyule kuwa msimamizi. Njia ikiungwa, uamuzi upi ushike?

Katika mkusanyo, swali halizuki: upande usioifikia seva ulinyamazishwa, kwa hiyo uamuzi ni mmoja. Katika IRC, kila upande uliendelea, na zinapokutana huenda aliyenyakua usimamizi wakati wa mgawanyiko akabaki nao; kwa miaka mingi watu walitumia udhaifu huo kupora mabaraza. Katika Matrix, seva zote huendesha kanuni moja ya kihesabu juu ya nakala zote mbili na kufikia jibu moja bila ya mwamuzi, ingawa jibu hilo linaweza kuwashangaza wanachama wa pande zote. Katika mfumo wa uvumi, hapana ukweli wa kikundi: kila mtu anayo madaftari, na kila mtu huamua amfuate nani. Ama katika AIS, swali halina maana, kwa kuwa mfumo huo hauna kumbukumbu ya kugombewa. Sekunde chache baadaye kila meli itakuwa imetangaza upya.

Kutokana na ulinganisho huu tunaona kuwa ubora wa itifaki hautokani na umbali wake kutoka kwa kitovu. Hutegemea aina ya ujumbe. Habari inayochakaa kwa sekunde na kuhitajiwa na wote walio karibu hufaa zamu za kujipangia. Mazungumzo ya taasisi, yanayohitaji kumbukumbu na uwajibikaji, hufaa shirikisho. Siri ya watu wanaohofia kuzimiwa hufaa uvumi, mradi wavumilie uchelewaji. Kosa hutokea pale muundo wa kazi moja unapopachikwa kwenye kazi nyingine. Mfumo wa Kipevu, ambao huwaepusha watu na kifo mlangoni mwa Kilindini, ungekuwa balaa kama ungetumiwa kupelekea matokeo ya hospitali.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kitovu kina kazi nne: kutambulisha, kupanga, kuhifadhi na kuamua. Meli za Kipevu hugawana ya pili, huiacha ya tatu, hukopa ya kwanza kutoka Geneva, na ya nne haina mwenyewe. Seva za shirikisho hugawana zote nne baina ya taasisi. Wenza humwachia kila mtu mzigo wote. Hakuna njia iliyoufuta mzigo.

Kwa upande wa lugha, tunapendekeza kwamba ‘ugatuzi’ libaki katika siasa na utawala, mahali ambapo maana yake ni barabara. Katika fani hii tuseme mkusanyo, shirikisho na mtawanyo, na ndani ya mtawanyo tutofautishe zamu na uvumi. Maneno yote haya tayari ni ya Kiswahili na hayahitaji kuundwa. Suala hili haliishii katika kamusi. Taasisi ya umma au kampuni inapomwambia Mswahili kwamba huduma yake mpya ‘imegatuliwa’, naye akaridhika na neno, amenyimwa nafasi ya kuuliza. Akiwa na istilahi zinazotenganisha mambo, ataweza kuuliza kwa lugha yake mwenyewe: ni nani atakayenipa jina, ni nani atakayenipa zamu, maneno yangu yatakaa kwa nani, na tukigongana ni nani atakayeamua? Wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wao ndio walimu na wafasiri wa kesho, wana wajibu wa kuyaweka maswali hayo vinywani mwa watu kabla ya waya mwingine kukatika.